Kumsubiri mtoto: mwito mmoja uliobebeshwa kazi tatu

Hotuba hii ilitolewa mbele ya wanafunzi na wahandisi wa mifumo endeshi. Tunaiweka hapa yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Michoro iliyoonyeshwa ukutani tumeiacha.

Ndugu zangu, walimu wangu, na ninyi vijana mnaoandika kerneli yenu ya kwanza,

Naomba tuanze na swali dogo. Mchakato, yaani programu inayoendeshwa, umezaa mchakato mwingine. Mtoto amefanya alichotumwa, amemaliza, ameondoka. Mzazi anataka nini?

Wengi mtajibu: anataka kujua kwamba mtoto amemaliza. Ni kweli, lakini hiyo ni theluthi tu ya jibu. Mzazi anataka habari: mtoto amemaliza au bado? Anataka sababu: amemaliza salama, amekosea, au ameuawa kwa ishara, yaani ujumbe mfupi unaotumwa kwa mchakato? Tena kuna jambo la tatu ambalo mzazi huenda hata halifikirii, ila kerneli, moyo wa mfumo endeshi, inalihitaji: ruhusa ya kulifuta jina la mtoto katika jedwali la michakato, ili nambari yake apewe mwingine.

Habari, sababu, ruhusa ya kufuta. Yashikeni hayo matatu. Unix iliyafunga yote katika mwito mmoja (mwito ni ombi la programu kwa kerneli) uitwao wait, uliokuwamo tayari katika mwongozo wake wa kwanza wa mwaka 1971. Kwa programu za wakati ule, zilizozaa mtoto mmoja na kukaa zikimngoja, ulikuwa mwito mzuri sana. Shida ilikuja programu zilipoanza kutaka habari peke yake, au sababu bila kufuta, na wabunifu wakawa wanalifungua fundo hilo kidogo kidogo bila kuruhusiwa kuvunja chochote cha zamani.

Hapo ndipo anapotokea zombi. Vijana humwogopa, nami nataka mwondoke hapa mkimwelewa. Zombi si hitilafu. Mtoto akiita exit, mwito wa kumaliza, kerneli inachukua kumbukumbu yake na kufunga mafaili yake. Kinachobaki ni safu moja: nambari yake, hali aliyomaliza nayo, na hesabu ya muda wa prosesa alioutumia. SIGKILL, ishara ya kuua, haimfanyi kitu, kwa sababu hakuna kilichobaki cha kuuawa. Kwa nini basi safu hiyo ibaki? Kwanza, sababu bado haijasomwa. Pili, na hili ndilo zito zaidi, nambari yake haiwezi kupewa mwingine wakati mzazi bado anaamini kwamba nambari hiyo ni ya mwanawe. Zombi anailinda nambari.

Anakuwa balaa pale tu mzazi asipomsubiri kamwe. Chukueni seva inayozaa mtoto kwa kila ombi, na mwandishi wake akasahau wait. Kerneli ya Linux yenyewe kwa chaguo-msingi huweka mpaka wa nambari za michakato kuwa 32,768, ingawa mifumo mingi ya leo huupandisha. Seva itafanya kazi vizuri asubuhi, vizuri mchana, kisha fork, mwito wa kuzaa, itaanza kurudisha kosa la EAGAIN, yaani jaribu tena baadaye, na hakuna mtu kwenye mashine hiyo atakayeweza kuanzisha hata amri ya kutazama kuna nini. Mkiwahi kuendesha ps, amri ya kuorodhesha michakato, mapema, mtaona safu kwa safu zenye herufi Z na neno defunct.

Sasa niingie katika maswali ambayo mbunifu wa mwito huu hana budi kuyajibu.

Swali la kwanza: unamsubiri nani?

Mwito wa zamani haukuuliza. Ulirudisha mtoto yeyote aliyekufa kwanza. Ndipo ikaja waitpid, inayokubali kutajiwa: nambari chanya ni mtoto huyo mmoja, 0 ni mtoto yeyote wa kundi lako, nambari hasi iliyo chini ya -1 ni mtoto yeyote wa kundi lenye nambari hiyo bila alama ya kutoa, na -1 ni yeyote yule. Hiyo -1 imewaumiza watu wengi.

Sikilizeni kisa cha programu moja ya kuchakata picha. Kiini chake kinazaa wafanyakazi wanane, na uzi mmoja, yaani mkondo mmoja wa utekelezaji ndani ya programu, unazunguka ukiita waitpid(-1) kuokota, yaani kusoma sababu na kufuta, kila anayekufa. Ndani ya programu hiyohiyo kuna maktaba iliyoandikwa na watu wengine kabisa. Maktaba inazaa programu ndogo ya kufungua faili lililobanwa, halafu inamsubiri mtoto wake kwa nambari yake, kwa adabu kamili. Lakini uzi ule wa -1 unafika kwanza na kumwokota. Maktaba inapata ECHILD, yaani huna mtoto wa namna hiyo. Inatangaza kwamba picha imeharibika. Picha ni nzima! Ianzishe programu upya, inapita. Hitilafu inajitokeza mara moja kwa maelfu, na daima mashine inapokuwa na mzigo mkubwa.

Geuzeni kisa. Maktaba ndiyo inayoita wait tupu, nayo inammeza mfanyakazi wa kiini. Kiini bado kinamhesabu kuwa hai. Baada ya muda kinaamua kumsimamisha, kinaita kill, mwito wa kutuma ishara, kwa nambari yake. Nambari ile imekwisha kupewa mchakato mwingine. Ni nani aliyeuawa?

Katika Linux, uzi wowote wa programu unaweza kumwokota mtoto aliyezaliwa na uzi mwingine wa programu hiyo, kwa hiyo kujitenga katika uzi wako hakukukingi. Kanuni ninayoisimamia ni hii: -1 ni ya mwenye nyumba peke yake. Shelli, programu inayopokea amri za mtumiaji, inaruhusiwa. Mchakato nambari 1, unaorithi yatima, unalazimika. Maktaba hairuhusiwi, hata siku moja.

Lakini kanuni ya adabu ni kiraka tu. Tatizo lenyewe ni kwamba nambari ni jina la umma: kila mtu analiona, na likiachwa wazi, mwingine analirithi. Kinachotakiwa ni kishikio, kitu kilicho mkononi mwako ambacho hakigeuki kumwelekea mwingine kwa muda wote unaokishika. Windows inatumia vishikio vya michakato. FreeBSD, mfumo endeshi wa ukoo wa Unix, ilileta pdfork katika toleo la 9.0, mwaka 2012. Linux ilifika mwaka 2019, hatua kwa hatua: toleo la 5.1 lilileta kutuma ishara kwa kishikio, 5.2 kupewa kishikio wakati wa kuzaa kwa CLONE_PIDFD, 5.3 likaleta pidfd_open na uwezo wa kukitazama kishikio kwa poll, mwito wa kungojea vitu kadhaa kwa pamoja, na 5.4 likaiwezesha waitid, mwito mwingine wa kusubiri, kupokea kishikio kwa P_PIDFD.

Angalieni mtego mmoja. pidfd_open inaanza na nambari, kwa hiyo ni salama tu kama wewe ndiye mzazi, hujamwokota mtoto, na hakuna mwingine katika programu yako awezaye kumwokota kabla yako. Ukiweza, pokea kishikio palepale mtoto anapozaliwa.

Swali la pili: unasubirije huku una kazi nyingine?

Hapa nitakaa sana, kwa sababu hapa ndipo programu nyingi nzuri zimevunjikia. wait hulala mpaka mtoto afe. waitpid haina kikomo cha muda. Seva ina soketi mia mbili za kusikiliza, italalaje? Kuna WNOHANG, inayosema angalia kisha urudi mara moja, lakini kuuliza kila baada ya milisekunde kumi ni kuchosha prosesa, na kuuliza kila sekunde ni kuchelewa.

Jibu la Unix lilikuwa ishara, SIGCHLD: mtoto akifa, mzazi anabishiwa hodi. Linasikika zuri. Tuone linavyokwenda.

Watoto watano wanakufa kwa pamoja. Mzazi anapata ishara ngapi? Huenda moja! Ishara za kawaida hazipangi foleni. Ikiwa moja bado inangoja kupokelewa, za baadaye zinamezwa ndani yake. Kishughulikia ishara kinaita waitpid mara moja, kinaokota mmoja, kinarudi. Wanne wamebaki mazombi. Kwa hiyo ndani ya kishughulikia lazima uzunguke ukiita waitpid kwa WNOHANG mpaka irudishe 0, yaani waliobaki wako hai, au -1 yenye ECHILD, yaani hakuna aliyebaki. Na mnaona tulikorudi? Mzunguko huo kwa kawaida huandikwa kwa -1, na maktaba ya picha inaumia tena. Anayejali atapita kwenye orodha ya watoto wake mmoja mmoja kwa nambari zao.

Kisa cha pili. Mzazi anaita fork, akitaka kisha aandike nambari ya mtoto katika orodha. Mtoto ni mwepesi: anakufa kabla mzazi hajaandika. Ishara inafika, kishughulikia kinatafuta nambari katika orodha, hakiioni, kinaipuuza. Ndipo mzazi anaandika jina la marehemu kama mtu hai, na atamngoja milele. Dawa ni kuizuia SIGCHLD kabla ya fork, kuandika, kisha kuifungua. Lakini mtoto hurithi kizuizi hicho, na kinavuka exec, mwito wa kubadilisha programu ndani ya mchakato. Asipokiondoa kabla ya exec, programu mpya itaanza maisha ikiwa kiziwi kwa watoto wake yenyewe, na mwandishi wake hatajua ni kwa nini.

Kisa cha tatu. Kishughulikia kinaweka alama, mzunguko mkuu unaitazama alama kisha unalala ndani ya poll. Ishara ikifika katikati, baada ya kutazama na kabla ya kulala, nini kinatokea? Alama imewekwa, na mzazi amelala. Ppoll na pselect zilibuniwa kuziba ufa huo kwa kufungua kizuizi na kulala katika hatua moja isiyogawanyika. Njia nyingine, inayofanya kazi kila mahali, ni bomba la kujiandikia: unafungua bomba, kishughulikia kinaandika baiti moja upande mmoja, poll inautazama upande wa pili. Ncha zote mbili ziwe za kutolala. Kwa nini? Bomba likijaa, kishughulikia kitalala ndani ya write, na anayepaswa kulimwaga ni mzunguko mkuu uleule uliokatizwa. Ukiwa wa kutolala, baiti inapotea bila hasara, kwa sababu maana yake ni moja tu, nenda katazame. Na kishughulikia kihifadhi errno, mahali pa nambari ya kosa la mwisho, kikiingia, kiirudishe kikitoka.

Wako wanaotaka kikomo cha muda na kutumia alarm: weka kengele, ita waitpid, kengele ikilia mwito utarudisha EINTR, yaani umekatizwa. Nawasihi msifanye hivyo. Mashine ikiwa na mzigo, kengele inaweza kulia kabla mzazi hajaingia waitpid. Akiingia, hakuna tena wa kumwamsha.

Na kuna wanaoiambia kerneli ipuuze SIGCHLD kabisa, ili watoto wafutwe wenyewe bila kuwa mazombi. Ni rahisi, lakini unapoteza sababu: hutajua nani alimaliza salama. Tena katika Linux hali ya kupuuza inavuka exec. Programu isiyo na kosa ikianzishwa na mzazi wa namna hiyo, waitpid yake itarudisha ECHILD kwa watoto iliowazaa yenyewe. Programu inayojali huirudisha SIGCHLD katika hali ya kawaida mwanzoni kabisa.

Nimewapitisha katika mashimo haya yote kwa makusudi. Kila shimo lina kifuniko, na kila kifuniko kinataka programu nzima ikubaliane. Programu nzima ni nani, ikiwa nusu yake ni maktaba za wengine?

Sasa tazameni kishikio kinavyofanya. Unamzaa mtoto kwa clone3, ndugu ya fork, yenye CLONE_PIDFD. Unakiongeza kishikio katika epoll, ndugu ya poll, pamoja na soketi zako. Mtoto akifa, kishikio kinakuwa tayari kusomwa. Unaita waitid ukitaja P_PIDFD, kishikio, na WEXITED. Kisha unakifunga. Kikomo cha muda? Ni kile kile cha epoll. Maktaba inashika vyake, kiini kinashika vyake. FreeBSD ilikuwa na kitu cha karibu na hiki tangu toleo la 4.1 la mwaka 2000, kqueue yenye kichujio cha michakato, ila kichujio hicho bado kinataja nambari.

Jambo moja wengi hulikosea: katika Linux kukifunga kishikio hakumzuii mtoto kubaki zombi. Habari umeipata kwa epoll, lakini ruhusa ya kufuta hujaitoa mpaka uite waitid. Ni mambo mawili. Na waitid ina WNOWAIT, inayokupa habari na sababu ikimwacha mtoto mahali pake, ili umwokote baadaye. Kwangu mimi hiyo ndiyo bendera yenye busara kuliko zote katika familia hii, kwa kuwa inakiri waziwazi kwamba kujua si kufuta.

Swali la tatu: jibu linasema nini?

Unix ililiweka jibu katika biti 16. Biti 7 za chini ni nambari ya ishara iliyomuua mtoto, biti ya nane inasema kama picha ya kumbukumbu yake (core dump) ilihifadhiwa, na biti 8 za juu ni thamani aliyoipa exit. Mtoto aliyesimamishwa, si aliyekufa, anatambuliwa kwa baiti ya chini kuwa 0x7f.

Biti 8 zinatosha? Mtoto anahesabu makosa aliyoyakuta katika faili na kurudisha idadi. Siku moja makosa ni 256. Biti 8 za chini za 256 ni sifuri, na sifuri maana yake nimefaulu. Faili bovu kuliko yote linapita mtihani. POSIX, kiwango cha pamoja cha mifumo ya aina ya Unix, inataka waitid irudishe thamani nzima, lakini Linux huikata kuwa biti 8 hata huko. Shelli nazo zinaongeza utata: mtoto aliyeuawa kwa ishara ya 9 huonekana kama 137, yaani 128 na 9, na mtoto aliyeita exit kwa 137 kwa hiari yake huonekana vilevile.

Windows inatoa biti 32 kamili, ikajikwaa kwingine. GetExitCodeProcess hujibu 259 ikiwa mchakato bado uko hai. Na mchakato ukimaliza kwa thamani 259? Utaonekana hai milele kwa yeyote anayeuliza kwa mwito huo peke yake. Mbunifu alichanganya habari na sababu ndani ya nambari moja. Njia salama ni kukingoja kishikio kwanza kwa muda sifuri, na ndipo usome thamani.

Plan 9, mfumo endeshi mwingine, ilichukua njia niipendayo kwa moyo wote: mtoto hamalizi kwa nambari, anamaliza kwa maneno. Maneno matupu ni kufaulu. Yakiwa na kitu, hicho ndicho kilichotokea. Mzazi anapokea nambari ya mtoto, muda wa mtumiaji, muda wa kerneli, muda halisi, na maneno yale. Na asiyetaka kungoja anasema hivyo wakati wa kuzaa, kwa RFNOWAIT.

Ninyi mnaobuni leo, wekeni sehemu mbili zilizo mbali: moja inayosema namna ya kufa, nyingine inayosema thamani. Msizikunje pamoja. Na mwito wa kutolala usipokuta kitu, useme hivyo waziwazi. waitid yenye WNOHANG hurudisha 0 akipatikana mtu, na 0 asipopatikana. Mwandishi anapaswa aitie si_pid, sehemu ya jibu yenye nambari ya mtoto, sifuri kabla ya mwito ili aweze kutofautisha. Wangapi wanakumbuka?

Swali la nne ni la ndani ya kerneli, nitalipita haraka kidogo.

Mzazi anapita jedwalini, hakuna aliyekufa, anakwenda kulala. Kabla hajalala, mtoto anakufa na kumwamsha mtu ambaye bado hajalala. Mwamsho unapotea. Xv6, kerneli ndogo ya kufundishia ya MIT, inaonyesha dawa vizuri: kufuli moja, wait_lock, linashikwa na mzazi tangu kutazama hadi kulala, na usingizi unaliachia kwa hatua moja, mtoto analishika anapotangaza kifo chake. Na kwa nini mtoto asijifute mwenyewe? Kwa sababu bado anatembea juu ya staki yake ya kerneli, yaani kumbukumbu anayofanyia kazi akiwa ndani ya kerneli. Huwezi kukata tawi ulilolikalia. Mzazi hushika kufuli la mtoto kabla ya kuitazama hali yake, na hilo linahakikisha kwamba mtoto amekwisha kushuka kwenye staki.

Halafu kunakili jibu. Xv6 inanakili hali kwenda anwani ya mzazi kwanza, na anwani ikiwa mbovu inarudisha -1 na mtoto bado yupo. Linux humwokota kwanza, hunakili baadaye. Anwani mbovu inakupa EFAULT na mtoto ameshaondoka. Na kunakili huko si jambo dogo. Mwaka 2017, Linux 4.13 ilipopanga upya waitid, ukaguzi wa anwani ya mtumiaji ulisahaulika. Mtumiaji wa kawaida aliweza kuitajia anwani ya kerneli yenyewe, na kerneli ikaandika humo. Kasoro hiyo ilipewa nambari CVE-2017-5123. Ukaguzi uliokosekana, katika mwito ambao kila programu inaruhusiwa kuuita.

Nani anamwokota yatima? Mzazi akifa kwanza, mtoto anahamia kwa mchakato nambari 1, au tangu Linux 3.4 kwa babu aliyejitangaza kuwa mpokeaji. Ndani ya kontena nambari 1 mara nyingi ni programu yako ya kawaida, ambayo haikuandikwa kulea yatima, na mazombi yanajaa. Wekeni programu ndogo ya kuokota iwe nambari 1, basi.

Limebaki moja, nalo halina jibu linalokubalika na wote. Mzazi akikifunga kishikio huku mtoto bado yu hai, kerneli ifanye nini? Katika FreeBSD, kufunga kishikio cha mwisho kunamuua mtoto, isipokuwa alizaliwa kwa PD_DAEMON. Katika Linux kufunga hakufanyi chochote. FreeBSD inakukinga na watoto waliosahaulika, ila mzazi anayeanguka ghafla anaondoka na kazi iliyokuwa inaendelea. Linux inailinda kazi hiyo, na inakuachia watoto wasio na mwenyewe. Mimi ningemlazimisha mzazi aseme wakati wa kuzaa, bila chaguo-msingi kabisa: bendera moja ya afe nami, moja ya aendelee bila mimi, na mwito usiotaja yoyote kati ya hizo mbili urudishe EINVAL, yaani ombi batili, kabla mtoto hajazaliwa.